Maji ya akiba ya kunywa nyumbani, nianzie wapi na hela sina?

Kibuyu_Kitupu

Wakuu habari zenu, nina swali naomba msinicheke. Juzi kati maji yalikatika kwetu siku nne mfululizo bila taarifa yoyote, na kwangu tuko watano, mimi na wife, watoto wawili na mama yangu mzazi. Akiba yetu yote ilikuwa ndoo mbili za bafuni na jagi la kwenye friji. Siku ya kwanza tukajiona wajanja, siku ya pili tukaanza kugombana nani kaflashi choo na ndoo nzima, siku ya tatu mimi mtu mzima napita kwa majirani na dumu mkononi nikijifanya nimekuja kusalimia.

Sasa nimeapa hainikuti tena. Shida ni kwamba hela ya tangi kubwa sina, na hata ningekuwa nayo pa kuliweka hakuna, nyumba ya kupanga vyumba viwili. Naulizia maji ya KUNYWA tu ya dharura, ya kufulia tutajua wenyewe huko mbele. Tunahitaji kiasi gani kweli? Niweke kwenye nini? Ninayo madumu ya plastiki ya maziwa kama kumi hivi maana wife hatupi kitu, na jamaa mmoja kazini ananipa bure ndoo za lita 20 zilizokuwa za rangi ya ukuta, anasema nikisugua vizuri zinatakata. Na la mwisho, maji yakikaa ndani yanaharibika baada ya muda gani? Kuna mtu kaniambia mwezi mmoja tu basi hapo ni sumu.

mama_wanne

Kaka ndoo za rangi mrudishie jamaa yako tena leo leo. Chombo kilichowahi kubeba rangi, mafuta ya taa, dawa ya wadudu au kemikali yoyote usiweke maji ya kunywa hata ukikisugua mpaka mikono ichubuke, plastiki inanyonya vile vitu halafu inavirudisha polepole kwenye maji. Hizo ni za kufulia na kudekia.

Na madumu ya maziwa nayo hapana, hapa naongea kwa uzoefu maana mimi mwenyewe nilifanya huo ujinga. Niliosha mara tatu na maji ya moto na sabuni, nikanusa, safi kabisa, nikajaza kumi na mbili nikapanga chini ya kitanda nikalala kwa amani. Baada ya miezi miwili hivi naingia chumbani nasikia harufu nikadhani panya kafia humo. Kumbe ni maji yangu! Mabaki ya maziwa, ile protini na mafuta, yanaganda kwenye plastiki hayatoki yote, bakteria wanapata chakula. Na madumu matatu yalikuwa yameanza kuvuja kwenye pembe, ile plastiki nyembamba haikutengenezwa ikae muda mrefu. Godoro nilianika siku tatu.

Sasa chupa za soda na za maji, zile za lita moja na nusu au mbili ambazo watu wanatupa kila siku, hizo ndo dhahabu. Ni ngumu, mfuniko unakaza kweli, na huko nyuma zilikuwa na kitu cha kunywa. Geuza uangalie chini utaona pembetatu ina namba 1. Namba 1, 2 na 5 ndo zinazotumika sana kwa vyakula na vinywaji, ila namba peke yake haikwambii ndani kulikuwa na nini, hata dumu la dawa ya choo lina namba 2. Chupa ya juisi nayo inafaa ila ioshe haraka ikiwa bado mbichi, usiiache wiki nzima na sukari ndani. Mimi nimeanza na chupa za kuokota kwenye sherehe za ndugu, nikimaliza kula nabeba chupa, washanizoea.

nesi_zamu_usiku

Nakubaliana na dada hapo juu. Niongezee kwenye kiasi.

Hesabu ya kawaida ni kama lita 4 kwa mtu kwa siku, karibu nusu ya hapo ndo ya kunywa, nyingine ya kupikia, kupiga mswaki na kunawa. Kiwango cha chini kabisa siku 3. Ukiweza fikisha wiki mbili lakini usijitishe, anza na siku 3. Kwenye joto kali, kama kuna mgonjwa anayeharisha au mama anayenyonyesha, ongeza, tena joto likiwa kali sana mtu anaweza kuhitaji mara mbili.

Na kitu ambacho watu wanakosea, maji yakiwa kidogo wanaanza kubaniana, kila mtu nusu kikombe. Usifanye hivyo hasa kwa mama mzee na watoto. Kunywa unachohitaji leo halafu kesho mtafute mengine, kubana matumizi bana kwenye kuoga na vyombo.

Kuhusu muda. Maji yenyewe hayaozi kaka, hayana cha kuoza. Kinachoharibika ni usafi wake, yaani chombo kilikuwa kichafu, au mfuniko haukazi, au mtu aliingiza mkono. Maji uliyojaza mwenyewe badilisha kila baada ya miezi 6, ya chupa za dukani ambazo hazijafunguliwa fuata tarehe yao. Hiyo ya mwezi mmoja ni sumu sijui imetoka wapi.

Kusafisha chupa: osha kwa sabuni, suuza mpaka povu liishe. Halafu chukua jiki, namaanisha ile ya kawaida isiyo na harufu ya maua wala sabuni ndani, kijiko kimoja cha chai kwenye lita moja ya maji, mimina kwenye chupa, tikisa ifike kila kona hadi kwenye mfuniko, acha angalau nusu dakika kisha mimina kwenye chupa inayofuata. Lita hiyo hiyo moja inazunguka chupa nyingi. Acha zikauke au suuza kwa maji salama ndo ujaze.

Tozi_la_Mtaa

Mi naona mnakuza mambo aisee. Bibi yangu alichemsha maji akaweka kwenye ndoo akafunika na sahani maisha yakaenda, kafika miaka tisini na kitu. Chemsha, weka kwenye ndoo, funika. Hayo ya namba za pembetatu na vijiko vya jiki ni kujitafutia kazi.

nesi_zamu_usiku

@Tozi_la_Mtaa kuchemsha sikatai, tena kwa kuua vijidudu ni njia nzuri kuliko jiki maana kuna vijidudu kama kriptosporidiamu ambavyo haviijali klorini kabisa. Maji yakishachemka yale mapovu makubwa acha dakika 1 inatosha, ukiwa milimani zaidi ya mita 2000 acha dakika 3, sio lazima uchemshe nusu saa umalize gesi.

Tatizo sio kuchemsha, tatizo ni hiyo ndoo na sahani. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote ndani, kikombe kimoja kichafu kikizama humo, au mtoto katoka chooni akachota kwa mkono, kazi yote imeisha na hutojua. Ndo maana tunapendelea chombo chenye mdomo mwembamba ambao mkono hauingii, au ndoo yenye mfuniko wa kukaza na koki chini. Unamimina au unafungua koki, hakuna kuchota. Na sahani haizuii mbu, wale wanaoeneza dengi wanapenda sana maji masafi yaliyotulia ndani ya nyumba, kutoka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku kumi tu. Bibi Mungu amzidishie, ila hatujui ni wangapi waliumwa tumbo pale nyumbani wakasema ni chango.

Tozi_la_Mtaa

Hapo kwenye mbu nimekuelewa nesi. Kwenye bibi tutaongea 😂

fundi_koki

Niongee kama fundi bomba sasa. Lita moja ni kilo moja, watu wanasahau hili. Dumu la lita 20 ni kilo 20, mama yako mzee hawezi kulinyanyua wala kulimimina, na mtoto ndo kabisa. Watu wananiita nikawafungie koki kwenye pipa la lita 200 nakuta wameliweka juu ya meza, kilo mia mbili hizo mzee! Siku miguu ya meza ikichoka ni msiba. Pipa likae chini, palipo sawa, na ukishalijaza halihami tena kwahiyo fikiria kwanza utalitoaje maji, bila koki au mpira safi wa kunyonyea utaishia kuzamisha kikombe. Kwa mtu wa vyumba viwili mimi ningesema achana na pipa. Vyombo vingi vidogo ni bora kuliko kimoja kikubwa, kikivuja au kikichafuka kimoja umepoteza lita mbili sio akiba yote.

Kingine cha bure kabisa ambacho watu hawakifikirii, ndani ya nyumba tayari kuna maji. Kama una hita ya maji ya moto ile ya tangi, mle kuna lita za kutosha. Zima umeme au gesi yake KWANZA, acha ipoe, funga valvu ya maji yanayoingia ili uchafu wa kwenye bomba usiingie, kisha toa kupitia koki ya chini, ukifungua na bomba la maji ya moto popote ndani ya nyumba yanashuka vizuri. Yachemshe ndo unywe maana chini huwa kuna mchanga mchanga. Usiwashe hita mpaka ijae tena, utaiunguza. Barafu za kwenye friza nazo ni maji. Tangi la kuflashia choo, nasema tangi sio lile bakuli, ni maji ya bomba tu ila kama mnaweka zile dawa za rangi ya bluu sahau.

Na ukisikia tetesi tu kwamba maji yatakatika, jaza kila kitu chenye mdomo hapo hapo. Usingoje kuthibitisha.

Kibuyu_Kitupu

Jamani asanteni sana, nimesoma yote na nimemsomea na wife, kaumia kidogo kuhusu madumu yake ya maziwa ila kaelewa. Hesabu nimepiga, watu 5 mara lita 4 mara siku 3 ni lita 60, yaani chupa 40 za lita moja na nusu. Nilidhani itakuwa mlima kumbe zinaingia chini ya vitanda viwili tu na kwenye upenyo wa nyuma ya kabati. Chupa nilizonazo ni 11, ntaendelea kukusanya.

Sasa nimebaki na mawili. Maji yetu ya bomba huwa yana harufu ya klorini, bado natakiwa kuweka jiki? Na mtu mwingine kaniambia nianike chupa juani ndo maji yanakuwa salama, na hapo hapo mwingine kasema jua ni mwiko nifiche gizani. Nimsikilize nani?

nesi_zamu_usiku

Wote wako sahihi, wanaongelea vitu viwili tofauti.

Kuanika ni kutibu maji. Chupa angavu isiyo na rangi, ya lita 2 au chini ya hapo, maji yawe meupe, yaani ukiweka maandishi nyuma ya chupa unayasoma, unailaza juani masaa 6 jua likiwa linawaka, kama mawingu yametanda basi siku 2 mfululizo. Miale ya jua inaua vijidudu. Inafaa ukiwa huna kuni, mkaa au gesi ya kuchemshia wala dawa, mvua ikinyesha kutwa haifai.

Kuhifadhi ni gizani na penye ubaridi. Ukiacha chupa dirishani miezi, mwani unaota, utaona ukijani kijani pembeni, na joto linamaliza klorini haraka. Kwahiyo anika siku moja kama unataka kutibu, kisha ondoa ufiche.

Kuhusu jiki, kama maji ya bomba yametibiwa na huwa mnayanywa bila shida, jaza tu chupa safi ufunge, huna haja ya kuongeza. Kama ni ya kisima, mvua au huyaamini, ndo uweke. Kwa jiki ya asilimia 5 mpaka 6 ni matone 2 kwa lita, yaani kwenye dumu la lita 20 ni kama mililita 2 hivi, maji yakiwa na ukungu wa udongo weka mara mbili. SOMA ASILIMIA KWENYE LEBO, naandika kwa herufi kubwa makusudi, kama ni asilimia 1 matone yanafika 10 kwa lita. Koroga, subiri dakika 30, nusa. Iwe na kaharufu ka klorini kwa mbali, kama hakuna rudia kipimo kile kile usubiri dakika 15 nyingine. Na jiki yenyewe inazeeka, chupa iliyokaa zaidi ya mwaka nunua nyingine. Usiichanganye kamwe na siki au dawa nyingine ya usafi, inatoa gesi mbaya.

Vidonge vya klorini vya kutibu maji vipo pia na ni rahisi kupima, ila kila kidonge kimetengenezwa kwa lita zake, wengine wanaweka cha lita 20 kwenye jagi halafu wanalalamika maji yanachoma koo.

mwanakijiji_2

Sisi huku maji ni ya bwawa, rangi ya chai ya maziwa. Hapo jiki inafanyaje kazi?

nesi_zamu_usiku

Haifanyi vizuri, uchafu unaila klorini kabla haijafika kwa vijidudu. Kwanza yaache yatulie usiku mzima, asubuhi mimina taratibu yale ya juu bila kutibua, chuja kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, ndo utibu au uchemshe. Shabu inasaidia kushusha tope haraka lakini ikishasafisha macho yanaona meupe tu, vijidudu bado vimo. Na kama maji yana chumvi, mafuta au dawa za mashambani, wala kuchemsha wala klorini haviondoi, tafuta chanzo kingine.

mama_wanne

@Kibuyu_Kitupu chini ya kitanda ni pazuri, giza na hapana joto. Ila hakikisha hapo hapo huweki mafuta ya taa wala dawa ya mende, mvuke wake unapenya plastiki hata kama mfuniko umekaza. Nilikuwa siamini hili mpaka nilipokunywa maji yenye ladha ya petroli wakati galoni la petroli la mume wangu lilikuwa hatua mbili pembeni, limefungwa kabisa.

Ujanja wangu ni huu, nimegawa chupa mafungu sita na kila mwanzo wa mwezi nabadilisha fungu moja tu, ya zamani yanaenda kupikia au kumwagilia maua, hakuna tone linalomwagwa. Ukisema utabadilisha zote siku moja kila nusu mwaka utaahirisha, najua, nimeahirisha sana. Andika tarehe kwa makapeni kwenye mfuniko sio ubavuni, maana chini ya kitanda unaona mifuniko tu.

Na yakikaa muda yanakuwa na ladha ya kupooza, sio kwamba yameharibika, ile hewa iliyomo imetoka. Mimina kutoka kikombe kimoja kwenda kingine mara kadhaa yanarudi.

Kibuyu_Kitupu

Mafungu sita nimeipenda hiyo. Makapeni ninayo. Leo nimejaza zile 11 kwa kuanzia, tarehe juu ya mfuniko, na mama kauliza kwani tunasafiri.

fundi_koki

Acha nafasi kidogo juu kama utaweka baadhi kwenye friza, maji yakiganda yanatanuka chupa inapasuka. Na mama mwonyeshe zilipo, siku maji yakikatika huenda wewe uko kazini.